Darasa la kwanza mwezi wa Januari: mnachodhani na kinachoendelea kweli

Kila Januari ni yaleyale, shule zimefunguliwa juzi tu, mzazi anafungua begi la mtoto jioni anakuta daftari jeupe, kesho yake asubuhi yuko mlangoni: mwalimu, huyu mnamfundisha saa ngapi? Haya ngoja niyajibu yale ninayoyasikia sana.

"Wanacheza tu." Hapana jamani. Ile kuandika hewani kwa kidole, kufinyanga udongo, kuchora mistari ya kulala na ya kusimama na mawimbi, ndo mkono unaandaliwa hivyo. Mtoto wa miaka sita vidole bado laini, ukimpa penseli anaikamata kama mchi, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, mistari miwili tu kachoka. Halafu tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto ni wengi, na humo ndani wapo ambao shule ya awali hawajaipitia kabisa, penseli anaishikia kwangu kwa mara ya kwanza, sasa nimwambie aandike sentensi?

"Wangu anahesabu mpaka mia." Anaimba mpaka mia, sawa. Mimi namwagia vizibo saba vya soda mezani namwambia nihesabie, mdomo unakimbia kidole kinabaki nyuma, kizibo kimoja kinahesabiwa mara mbili, anafika nane. Nauliza, kwa hiyo viko vingapi? Anaanza upya: moja, mbili... Hajajua bado kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndo jibu lenyewe. Hiyo ndo kazi ya vizibo na vijiti, sio kwamba shule haina hela ya vifaa kama mzazi mmoja alivyonitupia.

"Herufi zote keshazijua tangu chekechea." Hapa ndo penye kazi kuliko kote. Anazijua majina, tena ya Kiingereza: ei, bii, sii. Sasa kusoma kunataka sauti. Mwandikie m na a, kama anachojua ni "em" na "ei" atakusomea "emei", hiyo "ma" ya mama ataitoa wapi? Ndo maana tunaanza na a e i o u, halafu ma me mi mo mu, na Kiswahili kina bahati yake, irabu tano tu na kila moja sauti yake haibadiliki, mtoto akishika silabi chache anakusomea neno ambalo hajawahi kuliona maishani. Mtaala wa KKK ulioanza 2015 ulibana hapohapo, kusoma, kuandika na kuhesabu kwanza, mengine yatakuja.

Wanaopata tabu zaidi ni hawa waliokaririshwa ei bii sii vizuri sana, maana ile e ya Kiingereza wanaiita "ii", kwa hiyo kwenye imla nikisema "sisi" ananiandikia "sese", na kwa alivyofundishwa wala hajakosea. Namrudisha taratibu. Mkitaka kusaidia nyumbani mtajieni sauti tu, mmm, sss, inatosha.

"Anageuza b inakuwa d, ana tatizo." Kwa miaka sita, saba, kawaida tu. Ikizidi kuendelea baada ya hapo ndo tukae tuongee.

Na hili la mashoto, kila mwaka lazima nipate mzazi wa "mwalimu umchape aache". Simchapi wala simkatazi, kuzaliwa mashoto sio tabia mbaya. Kula kwa kulia ni adabu zenu huko nyumbani siingilii, penseli ni kitu kingine. Mimi namkalisha mwisho wa dawati upande wa kushoto wasigongane viwiko na mwenzake, daftari nalilaza kidogo upande wa juu uelekee kulia, penseli aishike juu kidogo ya ncha ili mkono usimzibe anachoandika, basi, anaenda sawa na wenzake.