Mzazi kunawiri si dalili kwamba moyo umetulia

"Mashaallah, kanawiri!" Ndivyo tunavyomsifu mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, aliye ndani ya arubaini, zile siku 40 baada ya kuzaa, na hapo tunadhani tumeshamjulia hali. Huku Wete, Pemba, bakuli la uji wa pilipili manga halikauki, maji ya kumkandia yako jikoni. Nani anamuuliza kama amelala? Mwili hautoshi kueleza ya moyoni. Aliyenawiri na asiyenawiri, wote wawili wanaweza kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kulialia siku za mwanzo hupita. Kilio kikizidi wiki 2, au mama hataki hata kumtazama mtoto, hilo si shetani wala deko: mpelekeni kituo cha afya. Akitaja kujidhuru, siku hiyo hiyo.