Projekti si wimbo

Kijana wa studio hapa Arusha akimkabidhi mwalimu wa kwaya flashi na kumwambia "projekti yako hiyo, nyimbo zote zimo", naona nimsahihishe palepale, maana atakayeumia ni mwalimu.

Projekti ni faili la maelekezo: sauti ipi ianze wapi, imekatwa wapi, imepandishwa kiasi gani, imewekewa mwangwi upi. Wimbo ni sauti iliyokwisha kutolewa, WAV au MP3, inayopigwa popote.

Wanaochanganya hawakosi sababu, kwa kuwa programu zenyewe za kurekodi na kuchanganya sauti hazifanani. Audacity, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, hutunza sauti ndani ya faili lilelile la .aup3. Zamani kulikuwa na faili dogo la .aup na folda pembeni yenye vipande vya sauti. Ukinakili faili ukaacha folda, hukubeba kitu. Aliyeanzia kwenye Audacity ya sasa akihamia Reaper hudhani mambo ni yaleyale. Sivyo kabisa! Faili la .rpp la Reaper ni maandishi, hata Notepad inalifungua, na ndani yake imeandikwa sauti zilipo kwenye diski, si sauti zenyewe. Ukilipeleka peke yake studio ya Moshi litafunguka, njia zote, yaani mistari ya kila sauti iliyorekodiwa, zitaonekana zimepangwa vizuri, soprano hadi besi, na hakuna atakayeimba.

FL Studio, ambayo wapiga biti wengi wanaitumia, ina tabia hiyohiyo. Vokali, yaani sauti za waimbaji, ulizoburuta kutoka folda nyingine hazimo ndani ya faili lake la projekti, .flp. Ipo njia ya kufunga kila kitu kwenye zipu moja, na inasikitisha kuona inavyopuuzwa.

Ukubwa wa faili utakuambia ukweli. WAV ya stirio yenye ubora wa CD hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Kwa hiyo ukipewa "wimbo" wa dakika 5 wenye kilobaiti 200, umepewa maelekezo matupu.

Sisemi projekti haina thamani. Ndiyo inayokuwezesha kurudi baada ya mwezi ukapunguza ngoma bila kugusa sauti iliyorekodiwa. Ila ni mali ya programu iliyoitengeneza: ya Reaper haifunguki Cubase, na ya Cubase haifunguki FL Studio.

Basi mdogo wangu, mwalimu akitaka wimbo, mtolee WAV na MP3. Akitaka kuihamishia kazi kwingine, mpe folda nzima pamoja na sauti zake, kisha mtolee kila njia peke yake kwa WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri, ili prodyuza mwenye programu tofauti aziweke pamoja na zikutane zenyewe.