Kamati ya usalama kazini: yanayosemwa na yalivyo hasa

Katika viwanda vingi nchini Kenya orodha ya wanakamati wa usalama imebandikwa ukutani, na bado mkanda wa mashine unazunguka bila kinga hatua chache kutoka hapo. Orodha ipo kwa sababu sheria inaidai. Kinga haipo kwa sababu ya dhana zifuatazo, ambazo tunazikuta kila mahali.

“Sisi ni wachache, kamati ni ya viwanda vikubwa.”

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai kamati popote walipoajiriwa watu 20 au zaidi: hoteli, shule, karakana, ghala, ofisi. Kanuni za kamati za mwaka 2004 zinataka pande mbili zilizo sawa. Kuanzia watu 20 hadi 100, wawakilishi wasiopungua 3 wa menejimenti na 3 wa wafanyakazi. Hadi watu 1,000, watano kwa watano. Zaidi ya hapo, saba kwa saba.

“Meneja awateue, yeye ndiye anayewajua watu wake.”

Upande wa wafanyakazi wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe. Gawa viti kwa sehemu za kazi na kwa zamu: boila (tangi la kuchemshia maji ya mvuke), karakana, upakiaji, stoo. Zamu ya usiku isikose mtu wake, maana usiku ofisi imefungwa, fundi ni mmoja, na mashine zikikwama watu hujitatulia wenyewe. Kosa la kawaida ni kujaza viti vya wafanyakazi kwa wasimamizi wa zamu. Msimamizi anayedaiwa tani kila asubuhi hataona rahisi kusema mashine isimame.

Wengine hukataa kuchaguliwa wakihofia kibarua chao. Waambieni wazi, kabla ya kura: kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kumfukuza au kumbagua mtu kwa kuwa mwanakamati, au kwa kulalamikia jambo analoliona ni hatari.

“Kamati ikishaundwa, usalama ni mzigo wake.”

Hapana. Wajibu unabaki kwa mwajiri. Kamati inakagua, inapendekeza na kufuatilia. Mwenye fedha na amri ndiye anayetekeleza. Ndiyo maana mwenyekiti anapaswa kuwa mtu anayeweza kuidhinisha matumizi papo hapo. Mwenyekiti asiyeweza kuidhinisha hata bati la kutengenezea kinga ataandika “itapelekwa kwa wakubwa” kikao baada ya kikao, na wafanyakazi wataacha kuleta hoja.

“Tunakutana kila robo mwaka na kumbukumbu zipo, kwa hiyo kamati inafanya kazi.”

Hapa ndipo kamati nyingi hufa zikiwa bado zinakutana. Miezi mitatu ni kiwango cha chini kabisa. Penye boila, kemikali au mashine za kukata, kutaneni kila mwezi, saa moja inatosha. Siku chache kabla ya kikao, watu wawili, mmoja wa kila upande, wazunguke sehemu moja ya kiwanda kazi ikiendelea. Msizunguke wakati wa mapumziko, mashine zikiwa zimezimwa na sakafu imefagiliwa. Mwulizeni mwendesha mashine swali moja: “Ni kitu gani hapa kinachokutia wasiwasi?” Kisha nyamazeni, asikilizwe.

Linganisha sasa maandishi mawili ya kumbukumbu. La kwanza: “Kinga za mashine zirekebishwe.” La pili: “Konveya (mkanda wa kusafirishia mizigo) namba 2, upande wa mota: boliti mbili za kinga hazipo, kinga imejitenga, kidole kinaingia. Fundi wa zamu ya asubuhi afunge kabla ya Alhamisi tarehe 14. Hadi hapo konveya isiwashwe.” La kwanza litasomwa tena mwakani vilevile lilivyo. La pili lina mahali, kasoro, mtu, tarehe, na la kufanya wakati tunasubiri. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika sana, ilhali ndicho kinachookoa vidole wiki hii.

Kila kikao kianze na yaliyobaki wazi, yaani yasiyotekelezwa bado, kabla ya jambo jipya lolote. Jambo halifungwi kwa fundi kusema amemaliza. Mwanakamati aende akalione kwa macho. Likivuka tarehe mara mbili, liende kwa mkurugenzi kwa barua. Kisha bandikeni orodha kwenye ubao wa matangazo, kila mtu aone lipi limefungwa na lipi limekwama kwa nani.

“Ajali nyingi ni uzembe wa mfanyakazi.”

Tuchukue grainda, mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma kwa diski, kwa sababu karibu kila karakana inayo. Fundi ametoa kinga ya grainda ndogo ya inchi 4½ na kufunga diski ya inchi 7. Grainda hiyo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika; diski ya inchi 7 kwa kawaida hairuhusiwi kupita 8,500 hivi, na idadi hiyo imeandikwa juu ya diski yenyewe. Ikipasuka, vipande vinaruka usoni na kifuani, na kinga iliyotakiwa kuvizuia iko chini ya meza.

Kamati dhaifu itaandika “fundi aonywe”. Kamati inayoijua kazi yake itauliza kwa nini aliitoa. Bomba lilikuwa nene, diski ndogo haifiki. Grainda kubwa iliharibika, haijatengenezwa. Stoo inatoa diski yoyote bila kuuliza ni ya mashine gani. Hayo matatu yana dawa: grainda kubwa itengenezwe au inunuliwe, stoo itoe diski kwa kulinganisha na mashine, na msimamizi asitoe kazi ya bomba nene bila kifaa chake. Onyo peke yake linamwacha fundi anayefuata na bomba lilelile na grainda ileile.

Na kutoa vifaa vya kujikinga si jibu la kila kitu. Glavu karibu na silinda au drili inayozunguka ni hatari zaidi kuliko mkono mtupu, kwani ikinaswa inavuta mkono wote.

“Hatujapata ajali, hakuna la kujadili.”

Palipo na zawadi kwa siku nyingi bila ajali, watu huficha majeraha. Hufunga kitambaa na kuendelea. Ulizeni habari za ajali zilizokaribia kutokea: gunia lililoanguka mahali mtu alipokuwa amesimama dakika moja kabla, foklifti iliyogusa nguzo. Wekeni fomu ya mistari mitatu tu, bila kulazimisha jina, na jibu litoke ndani ya siku saba, hata kama jibu ni “bado tunatafuta fedha”.

Ajali ikitokea, sheria haingoji kikao. Kifo kiarifiwe kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Ajali iliyomjeruhi mtu bila kumuua nayo inahitaji taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Nambari ya simu ya afisa huyo iandikwe sasa, ibandikwe kwenye chumba cha mlinzi, kwa kuwa saa nane za usiku mlinzi ndiye atakayekuwa na simu mkononi.