Kutu ya bunduki za vita: ipi iondolewe, ipi iachwe

Bunduki iliyolala ardhini Tanga au Taveta tangu vita ya 1914–1918 usiiguse kwanza. Risasi iliyosahaulika ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, inaweza kulipuka hata leo. Usivute bolti, lile komeo la kufungia risasi, wala usichokoe mtutu. Iache palepale uwaite polisi, maana silaha ni silaha hata ikioza. Haya yanayofuata ni kwa kipande kilichokwisha kukaguliwa na fundi wa silaha na kuingizwa kwenye daftari la makumbusho.

Kitazame kwa kioo cha kukuzia, taa ikiwa ubavuni. Tabaka jeusi, gumu, lisilotoka kwa ukucha, ni kutu iliyotulia. Liache. Ndilo lililoshika umbo la asili, na ndani yake zimo namba, mwaka na mihuri ya kiwanda. Mauser ya mwaka 1871, ile ya milimita 11 waliyopewa askari wa Wajerumani, ilipigwa namba hadi kwenye vipande vidogo. Ukisugua mpaka chuma king'ae, umefuta cheti chake cha kuzaliwa.

Adui ni unga wa rangi ya chungwa, magamba yanayobanduka na, kibaya zaidi, vitone vya majimaji ya manjano siku za unyevu. Hapo chumvi imejificha chini ya kutu, inavuta maji hewani na kutengeneza asidi. Ukipaka mafuta juu, chuma kinaendelea kuliwa ndani kwa ndani. Vitu vya pwani vina ugonjwa huu sana.

Siki na ndimu havichagui: hula kutu na chuma pamoja. Brashi ya waya ya mashine hubandua tabaka jeusi lote kwa dakika moja.

Kwa kutu ya juu tu, kwenye bunduki isiyowahi kuzikwa, tenga mbao, paka mafuta mepesi ya mashine, subiri saa 24, kisha sugua taratibu kwa sufi ya chuma ya daraja 0000, ile laini kabisa, eneo la sentimita 2 kwa wakati. Weusi ukijitokeza, acha. Futa kwa asetoni, paka nta.

Iliyozikwa ni kazi ya maabara. Chuma pekee, bila mbao, huloweshwa kwenye kostiki soda, gramu 20 kwa lita ya maji yaliyokenekwa, yale safi ya kujazia betri, si asidi ya betri. Soda ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume chake, na glavu na miwani vivaliwe. Maji hubadilishwa kwa wiki au miezi, mpaka kipimo cha nitrati ya fedha, kinachoonyesha chumvi kwa weupe, kisitoe weupe tena. Sampuli itiwe kwanza asidi ya nitriki. Bila hivyo soda yenyewe hutoa tope la kahawia na kipimo kinadanganya. Baada ya kusuuza na kukausha, paka asidi ya tanini ya asilimia 3 mara tatu, kila mkono ukikauka siku nzima, halafu nta.

Kipande kihifadhiwe kwenye kontena la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na silika jeli, yaani punje za kunyonya unyevu, na kipima unyevu. Unyevu ukivuka asilimia 15, kausha jeli kwenye oveni siku hiyohiyo.