Kodeki si fomati

Wiki iliyopita mama mmoja wa Pasua, hapa Moshi, alikuja kwangu na flashi mkononi. Ndani yake mlikuwa na video ya kipaimara cha binti yake, iliyopigwa na mpwa wake kwa simu mpya. Kwenye kompyuta ya nyumbani sauti ya kwaya ilikuwa inasikika vizuri, lakini picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Kabla ya kuja kwangu aliuliza mahali akaambiwa, "Hiyo fomati haikubali, iformati." Akaenda nyumbani akaiformati kweli. Flashi ikabaki tupu. Bahati yake mpwa hakuwa ameifuta video kwenye simu, akairusha upya.

Huyo mama hakukosea. Alifanya kile ambacho neno lilimwambia afanye. Hapa Moshi fomati imebebeshwa mizigo mitatu: kufuta kila kilichomo kwenye flashi au memori kadi, zile herufi za mwisho kwenye jina la faili, na sababu yoyote ile inayofanya video igome. Mzigo wa tatu si wake. Una mwenyewe, anaitwa kodeki.

Kodeki ni kanuni ya kukunja picha na sauti zikae mahali padogo, pamoja na kanuni ya kuzikunjua wakati wa kutazama. Bila hiyo hakuna video ya kubeba mfukoni. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ina vitone zaidi ya milioni 2; kila kitone kikichukua baiti 3, na picha zikiwa 30 kwa sekunde, dakika moja inakula karibu GB 11. Flashi ya GB 32 isingefikisha dakika tatu za ibada.

Neno lenyewe limeungwa kwa vipande viwili vya Kiingereza, koda na dekoda, kama modemu ilivyoungwa na modyuleta na demodyuleta. Ningependa tulitazame kwa macho ya Kiswahili, maana sisi jambo hili tunalo ndani ya vitenzi vyetu tangu zamani. Funga, fungua. Ziba, zibua. Fumba, fumbua. Kunja, kunjua. Ile -ua ya mwisho inapindua kazi iliyotangulia, na inadai jambo moja: unakunjua kilichokunjwa, kwa kufuata mikunjo ileile. Aliyefumba fumbo kwa namna yake, mfumbuaji lazima aijue namna hiyo. Kwa hiyo kodeki ni kunja na kunjua katika neno moja, na nusu ya pili ndiyo inayokosekana au inayoelemewa kwenye kompyuta ya zamani. Faili limekunjwa salama kabisa. Mkunjuaji ndiye hayupo, au yupo lakini hana nguvu.

Fomati nayo ina ukoo wake. Imetoka kwa watengeneza vitabu wa Ulaya. Asili yake ni Kilatini, neno la kitu kilichopewa umbo, na ilitaja ukubwa na umbo la kitabu. Haikuwahi kutaja lugha iliyoandikwa ndani. Kitabu cha ukubwa uleule, jalada lilelile, kinaweza kuwa cha Kichaga au cha Kijerumani. Ukishindwa kukisoma, kukibadilishia jalada hakukusaidii.

MP4, MKV na AVI ni majalada ya namna hiyo. Wataalamu huyaita kontena: kasha linalobeba picha, sauti na maandishi ya chini pamoja ili yaende sambamba. AVI ililetwa na Microsoft mwaka 1992. MKV ni Matroska, jina lililochukuliwa kwa wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine, na jina hilo linasema ukweli wote: unachokiona nje si kilichomo ndani. Nenda Soko la Mbuyuni utazame viroba. Kimeandikwa sukari, ndani mna maharage. Mnunuzi hasomi kiroba, anachota mkononi aone.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona mtu anabofya jina la faili, anafuta mkv, anaandika mp4, halafu anasema amekonvati, yaani ameigeuza video kuwa ya aina nyingine. Amebadilisha maandishi ya kiroba. Hata VLC, programu ya kuchezea video, haidanganyiki kwa hilo, kwa kuwa inachungulia mwanzo wa faili lenyewe. Baiti za mwanzo za MP4 kwa kawaida huwa na herufi ftyp, na za AVI zina RIFF, uliite faili jina lolote upendalo.

Ndani ya MP4 moja mnaweza kuwa na H.264, kodeki iliyokamilishwa mwaka 2003, au HEVC, iitwayo pia H.265, ya mwaka 2013. HEVC inakunja vizuri mno: kwa ubora uleule inaweza kuchukua karibu nusu ya nafasi. Simu nyingi za sasa zinaitumia kubana nafasi, na iPhone zinazoiweza zimekuwa zikirekodi nayo zenyewe tangu mfumo wake wa iOS 11 wa mwaka 2017. Lakini mikunjo ikizidi, kukunjua nako ni kazi. Kompyuta mpya ina sehemu maalumu kwenye chipu kwa kazi hiyo tu; kwa upande wa Intel, watengeneza prosesa, HEVC ilipata sehemu kamili ya aina hiyo mwaka 2015. Mashine ya yule mama ina prosesa ya Intel ya Core 2 Duo, uzao ulioanza mwaka 2006. Inabidi prosesa ikunjue yenyewe, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, huku feni ikilia.

Tulifungua video yake kwenye VLC, nikabonyeza Ctrl na J. Kikatokea kidirisha chenye neno dogo: hevc. Pembeni yake kuna ukurasa wa takwimu, na hapo ilikuwa inahesabu fremu zilizopotea, namba inapanda tu wakati mtoto yuko altareni. Sauti haikukatika kwa sababu sauti ni mzigo mwepesi. Dalili hiyo, sauti inatembea na picha imeganda, kwa kawaida inakuonyesha prosesa iliyoelemewa. Picha ikiwa nyeusi kabisa na programu inalalamika, mara nyingi mkunjuaji hayupo. Hapo kuweka VLC kunaweza kutosha, kwani huja na wakunjuaji wake ndani.

Kuna video zilizoharibika kweli, na sizikatai. Betri ikizimika katikati ya kurekodi, MP4 inaweza kukosa faharasa yake, ile sehemu iitwayo moov, ambayo kamera nyingi huiandika mwishoni. Faili linakuwa na GB zake zote lakini hakuna programu inayojua pa kuanzia. Hilo ndilo la kuita bovu, na hata hilo pengine linaokolewa kwa kuazima muundo wa faili zima lililopigwa na kamera ileile. Usiifute kadi.

Ya mama ilikuwa nzima. Nilinakili kwanza, kisha kwenye mashine yangu yenye nguvu nikaikunja upya kwa programu ya HandBrake: H.264, kimo cha vitone 720, kontena lilelile. Ilichukua muda, akanywa chai.

Kesho yake akapita kusema imecheza mpaka mwisho, hata bibi ameiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ile fomati mpya imekubali."

"Fomati ni ileile mama. Ulikuja na MP4 na umeondoka na MP4. Tulichobadilisha ni kodeki."

Akalirudia, kodeki, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi ampelekee mpwa.