Fedha za Kifungu cha 106 si bei ya kibali

Huko Uingereza, kila mradi mkubwa wa nyumba unapopitishwa husikika maneno yaleyale: mwendelezaji ameinunua halmashauri. Ushahidi unaotolewa ni mkataba wa Kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1990, ambamo mwendelezaji huahidi kuchangia shule, barabara au nyumba za bei nafuu.

Shaka hiyo inaeleweka, maana fedha na kibali huja pamoja. Lakini kanuni za mwaka 2010 zilibana mwanya huo. Ahadi haiwezi kuwa sababu ya kutoa kibali ila iwe ya lazima ili mradi ukubalike kimipango, ihusiane na mradi wenyewe moja kwa moja, na ilingane nao kwa ukubwa. Bwawa la kuogelea upande wa pili wa mji, lisilohusiana na nyumba hizo, halihesabiki hata likitolewa bure.

Wala halmashauri haipewi fedha hizo itumie ipendavyo. Ni za kazi iliyotajwa mkatabani, na mara nyingi huwekewa muda; zisipotumika, hurudishwa. Mwendelezaji akiuza kiwanja, wajibu humfuata mnunuzi.

Penye udhaifu hasa, kwa maoni yangu, ni ufuatiliaji. Halmashauri zinazopokea michango hii hutakiwa kuchapisha kila mwaka, kufikia tarehe 31 Desemba, taarifa ya kilichoahidiwa, kilichopokewa na kilichotumika. Taarifa hiyo ndiyo ya kumbana nayo diwani, kuliko uvumi.