Paketi tupu haijasema kila kitu: namna tunavyopima ufuasi wa dawa za kifua kikuu

Mzee mmoja mkimbizi aliniwekea mezani paketi zake za vidonge, zote tupu, zimefungwa vizuri kwa mpira. Kwa hesabu ya kadi hakuwa amekosa hata siku moja. Lakini uzito wake ulikuwa umeshuka, na makohozi ya mwisho wa mwezi wa pili wa tiba yalionekana bado yana bakteria chini ya darubini. Niliweka kalamu chini, nikamuuliza taratibu. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, Kongo, "zile siku ambazo hatukupika, vidonge vilinichafua roho. Nilivitoa, nikavizika. Nilijua mtahesabu."

Jibu hilo ninalo hadi leo kila ninapofundisha wahudumu kupima ufuasi wa dawa, yaani kama mgonjwa anameza dozi zake zote kama alivyoagizwa. Mzee hakutudanganya kwa ubaya. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba paketi tupu inasifiwa na kidonge kilichobaki kinaleta karipio.

Kwa nini tunafuatilia kwa karibu namna hii? Tiba ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Tukihesabu mwezi kuwa siku 28, hizo ni dozi 168. Kukosa moja katika kila kumi, takriban dozi 17 kwa tiba nzima, kunatosha kuongeza sana hatari ya ugonjwa kurudi. Uganda ilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa mwaka 2021 hadi 2025, na pia katika ile ya kifua kikuu pamoja na virusi vya UKIMWI. Hatuna nafasi ya kubahatisha.

Njia ya zamani zaidi ni kumtazama mgonjwa akimeza. Mtazamaji anaweza kuwa nesi, jirani, au mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT. Akiwa mtu anayeaminika, njia hii ni nzuri sana. Ila mwambie dereva wa lori anayelala Malaba leo na Mombasa wiki ijayo amtafute jirani wa kumtazama kila asubuhi! Na mtu aliyeficha ugonjwa wake kwa mwenye nyumba hataki mgeni wa kila siku mlangoni.

Ndipo simu zikaingia. Katika njia iitwayo 99DOTS, vidonge hufungwa kwenye bahasha ya karatasi ngumu. Ukitoboa kutoa dozi ya leo, namba ya simu iliyofichwa inajitokeza; unaipiga bila malipo na siku yako inaandikwa. Ilijaribiwa Uganda katika vituo 18. Tiba iliyokamilika haikuongezeka ulipochukua wagonjwa wote kwa jumla, kwa kuwa wengi hawakuandikishwa kwenye mfumo, lakini walioandikishwa walifanya vizuri zaidi. Mimi naipenda kwa sababu moja: siku ikipita kimya, kituo kinajua siku hiyohiyo. Rejesta humwita mtu "aliyepotea" akikaa miezi miwili mfululizo bila dawa, na kufikia hapo bakteria wamepata muda wa kutosha. Hata hivyo, simu inathibitisha kwamba bahasha imetobolewa tu. Mzee wangu angeweza kupiga, kisha akavizika. Mgonjwa akijirekodi video anapomeza, pengo hilo linazibika, ila anahitaji simu janja, chaji na mahali pa faragha.

Mkojo nao unasema. Rifampisini huugeuza rangi ya chungwa saa chache baada ya kumeza, na wagonjwa wenyewe wanaijua alama hiyo. Usiogope, si damu. Kipo pia kipimo cha mkojo kinachobadilika rangi kikikuta mabaki ya isoniazidi. Udhaifu wake ni kwamba kinaeleza jana na juzi tu. Aliyeacha wiki tatu akameza usiku wa kuamkia kliniki atatoka safi.

Makohozi huangaliwa kwa darubini mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita wa tiba. Wengi huniuliza kwa nini tusitumie mashine ya GeneXpert iliyogundua ugonjwa mwanzoni. Mashine hiyo husoma chembe za urithi za bakteria, hata waliokwisha kufa, kwa hiyo haiwezi kukuambia kama unapona. Tunairudia kwa swali lingine: kama bakteria wamekuwa sugu kwa rifampisini. Makohozi ya mzee tuliyapeleka kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja ninachokiamini peke yake. Ninachowasihi wahudumu ni kubadili swali. Usiulize "Unameza dawa vizuri?" Kila mtu ataitikia ndiyo. Sema: "Watu wengi hukosa siku moja moja. Wiki iliyopita wewe ulikosa ngapi, na siku hizo kulikuwa na nini?"

Nawe mgonjwa, ukisahau asubuhi ukakumbuka jioni, meza jioni hiyo. Ukikumbuka kesho yake, meza dozi ya siku hiyo tu, usirudufu, na uandike kwenye kadi. Dawa hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini zikikutapisha, tuambie. Uji kidogo ni bora kuliko kuziacha.

Mzee tulimhamishia dozi usiku kabla ya kulala, na VHT akaanza kupita jioni. Majibu hayakuonyesha usugu. Mwezi uliofuata alikuja na paketi zake, na pembeni vidonge vitatu, dozi moja kamili. "Hii ni ya Jumanne," akasema, akaviweka mezani.